Gari Likikataa Kuwaka, Tuanzie Kwenye Cheche

Mwezi wa Aprili mwaka 1985, usiku wa masika, nilikuwa mmoja wa watu saba waliopanda nyuma ya pikapu kuukuu iliyokuwa ikitoka upande wa Mkuyuni, chini ya milima ya Uluguru, kwenda Morogoro mjini. Mbele, kando ya dereva, alikaa mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu tangu adhuhuri, pamoja na mkunga wa jadi ambaye alikwisha kutuambia bila kuficha kwamba kazi ile ilikuwa imemshinda na kwamba mama huyo alihitaji daktari. Tulivuka kijito kilichofurika, maji yakaruka hadi kwenye kioo cha mbele. Hatua mia moja baadaye injini ikakohoa mara mbili, mara tatu, ikanyamaza.

Dereva wetu alikuwa kijana mwema, lakini ujuzi wake wa gari uliishia kwenye usukani. "Ni petroli," alisema, na sisi sote tukakubali, kwa kuwa hakuna aliyejua zaidi yake. Akafungua mpira wa petroli akaupuliza kwa mdomo. Akaifungua kabureta gizani, akapoteza skrubu moja matopeni. Kisha akarudi kwenye swichi na kupiga stata, akapiga tena na tena, mpaka betri ikabaki kugutagutia kama mtu aliyekabwa koo. Ndani ya gari mama alikuwa ameacha kulia, na kimya kile kilitutia hofu kuliko kilio.

Baada ya saa nzima likaja lori. Aliyeteremka alikuwa mzee mwenye tochi na kikoti cha mvua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mmekwamishwa na nini?"

"Petroli haifiki, mzee."

"Nani kasema?"

Hakuigusa kabureta. Alifyatua vibanio viwili, akainua kifuniko kimoja cheusi chenye waya nyingi kichwani, akakipindua chini ya tochi. Ndani yake matone ya maji yaling'aa kama umande. Akaomba kitambaa kikavu. Hapakuwa na mtu mwenye nguo kavu ila mkunga, ambaye kapuni mwake alikuwa na kanga mbili zilizotunzwa kwa ajili ya mtoto. Akatoa moja. Mzee akakifuta kifuniko ndani na nje, akazifuta na waya moja moja, akarudisha kila kitu mahali pake, akasema, "Haya, sukumeni." Palikuwapo mteremko mfupi. Injini iliwaka kabla hatujaumaliza. Mtoto alizaliwa hospitali kabla ya adhana ya alfajiri, akapokewa kwa kanga ya pili.

Nimeanza na habari hii kwa sababu barua moja iliyonifikia imeuliza kwa nini safu ya ukurasa wa jamaa ishughulike na mambo ya gereji. Jibu langu ni hilo. Gari la nyumbani, liwe la baba, la mama au la kukodi, ndilo linalopeleka wagonjwa usiku, na aghalabu likikataa huwa hakuna fundi karibu. Leo basi tuzungumze juu ya umeme wa kuwashia injini: cheche inazaliwa wapi, inapita wapi, na inapotelea wapi. Wenye magari ya dizeli wanaweza kuniwia radhi, kwa maana injini zao huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyogandamizwa, na plagi walizo nazo ni za kupasha joto tu asubuhi, hazitoi cheche.

Injini ya petroli ina mahitaji matatu: mchanganyiko mzuri wa petroli na hewa, mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda, na cheche inayotokea kwa wakati wake. Madereva wengi hulifikiria la kwanza peke yake. Tanki huonekana, petroli hunuka, na kila mtu amewahi kuishiwa. Umeme hauonekani, basi hausingiziwi. Lakini kwa yale niliyoyaona katika miaka mingi ya kuinamia boneti, gari la petroli linalozimika ghafla, kama taa iliyozimwa, aghalabu limepoteza cheche. Lile lililokosa petroli hufa taratibu, likivutavuta na kusitasita kwanza. Tofauti hii peke yake ingalituokolea nusu saa usiku ule.

Sasa, betri ya gari ina volti 12. Volti 12 haziwezi kuruka hewani hata upana wa unywele ulio wazi, sembuse kuruka kati ya ncha mbili za plagi ndani ya silinda ambamo hewa imeshindiliwa. Kazi hiyo huhitaji volti elfu kumi, elfu ishirini, na katika magari mapya hata zaidi ya elfu thelathini. Zinatoka wapi? Zinatoka katika koili.

Koili ni chombo kisicho na kitu kinachozunguka wala kutembea. Ndani yake mna nondo ya chuma laini iliyozungushiwa waya za aina mbili: waya mnene wenye mizunguko mia chache, na waya mwembamba sana wenye mizunguko maelfu kwa maelfu. Umeme wa betri unapopita katika waya mnene, ile nondo hugeuka sumaku. Umeme huo ukikatwa ghafla, sumaku huanguka kwa kishindo, na kuanguka kwake huamsha umeme mpya katika ule waya mwembamba, umeme wenye volti maelfu. Zingatia neno "ghafla". Umeme ukikatwa polepole, cheche haipatikani. Kanuni hiyo aliigundua Mwingereza Michael Faraday mwaka 1831, kabla gari la petroli halijabuniwa, na hakuna fundi duniani aliyeweza kuikwepa hadi leo.

Anayeukata umeme katika magari ya zamani ni vidomo viwili vya chuma vinavyokutana na kuachana ndani ya distribyuta. Mafundi wetu huviita platini. Jina hilo limebaki tangu siku ambazo madini ya platini yalitumika kweli. Baadaye vidomo hivyo vilifanywa kwa tangisteni. Kando yake huning'inia kikopo kidogo, nacho ni kondensa. Wengi hukidharau kwa udogo wake. Kazi yake ni kuupokea umeme unaotaka kuruka pale vidomo vinapoachana, ili vidomo visiungue na ili ukataji uwe wa ghafla kama tulivyosema. Kondensa ikifa, vidomo hupiga cheche za buluu na kuchimbika, nayo plagi hupata cheche dhaifu, ya rangi ya manjano. Nimeona watu wakibadilisha platini mara tatu kwa mwezi na kulaumu ubora wa bidhaa, huku kondensa ileile mbovu ikiwaunguzia kila mara.

Kutoka koili, umeme mkubwa husafiri kwa waya mnene hadi katikati ya kifuniko cha distribyuta, humteremkia mjumbe mmoja anayezunguka, yaani rota, naye huugawa kwa kila plagi kwa zamu. Zamu hizo hazifuati hesabu ya moja, mbili, tatu, nne. Katika injini nyingi za silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, mpango ni 1-3-4-2. Katika Volkswagen ile ya mgongo wa kobe ni 1-4-3-2. Atakayechomoa waya zote nne kwa pamoja bila kuziwekea alama, kisha akazirudisha kwa kukisia, atajifunza mpango huo kwa njia ngumu: injini itarudisha moto kwenye kabureta na kumtisha. Chomoa mmoja, ushughulikie, urudishe, ndipo uende wa pili.

Tuipime kazi ya vidomo hivyo kwa hesabu. Katika injini ya silinda nne, krenki ikizunguka mara moja hutakiwa cheche mbili. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mwendo wa kawaida wa barabara kuu, cheche ni 6,000 kwa dakika, yaani 100 kila sekunde. Safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro, bila kusimama Chalinze kunywa chai, huwafanya waachane na kukutana karibu mara milioni moja. Si ajabu wakichakaa.

Na katika kila mara hizo milioni, cheche lazima itangulie kidogo. Pistoni ikipanda kugandamiza mchanganyiko, cheche haingoji ifike kileleni. Moto huhitaji muda wa kuenea, yapata sehemu mbili au tatu za elfu moja za sekunde, na ndani ya muda huo krenki haisimami kuusubiri. Kwa hiyo cheche hupigwa digrii chache kabla ya kilele injini inapolegea, na digrii nyingi zaidi inapokwenda mbio. Katika distribyuta ya zamani kazi hiyo ya kutanguliza hufanywa na vyuma viwili vizito vinavyotawanyika kwa mzunguko, vikisaidiwa na kikombe kinachovutwa na pumzi ya injini. Cheche ikichelewa, gari huwa zito, hula petroli na kupata joto. Ikiwahi mno, utasikia mlio wa kugongagonga unapopanda kilima, kama mtu anayetikisa kopo la misumari. Mlio huo si wa kuuzoea, kwa maana hutoboa pistoni. Wapo vijana wa gereji wanaougeuza mwili wa distribyuta kwa kusikiliza tu, wakisema "hapo imekaa". Baadhi yao wana masikio mazuri kweli. Taa ya kupimia, hata hivyo, haidanganywi na kelele za jirani anayegonga bodi.

Namna ya kuitunza platini si siri. Kila baada ya kilomita 5,000 hivi fungua kifuniko, zungusha injini kwa mkono mpaka vidomo viachane kabisa, upime mwanya kwa fila geji. Magari mengi ya kale hutaka milimita 0.4 au karibu na hapo. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Kikanyagio kile kidogo kinachosuguliwa na ekseli ya distribyuta huliwa taratibu, na kadiri kinavyoliwa mwanya hupungua na cheche huchelewa. Ndiyo maana mtu huona gari "limezeeka" ndani ya mwaka mmoja, kumbe ni sehemu ya kumi ya milimita iliyopotea. Paka grisi kidogo sana kwenye ekseli hiyo, kiasi cha kichwa cha kiberiti. Ikizidi hurukia vidomo na kuvichafua. Vikichafuka kidogo vifute kwa karatasi safi. Vikichimbika shimo upande mmoja na kuota kichuguu upande wa pili, vibadilishe pamoja na kondensa. Msasa ni dawa ya kufikia nyumbani, tena unaacha mchanga nyuma yake.

Jambo moja zaidi juu ya mtindo huo wa kale: usiiache swichi wazi injini ikiwa imezimwa, labda ili watoto wasikilize redio. Vidomo vikiwa vimekutana, umeme hupita katika koili bila kukoma, nayo huchemka. Koili iliyochemshwa hivyo huanza ugonjwa unaowapumbaza watu wengi. Asubuhi gari huwaka vizuri, huenda nusu saa, huzima. Likipumzika kivulini hukubali tena, kana kwamba halikuwa na neno. Wenyewe husema petroli ilichemka ndani ya mpira. Huenda ni kweli, lakini weka kiganja juu ya koili, na kama huwezi kukiacha hapo, umekwisha kumpata mshukiwa wa kwanza.

Sasa tuje kwenye plagi, ambayo kwangu ndiyo sehemu tamu kuliko zote, kwa kuwa ndiyo pekee inayoingia ndani ya silinda na kutoka na habari. Mtu anayejua kusoma plagi hahitaji kubahatisha.

Ngoja injini ipoe, hasa kama kichwa chake ni cha alumini, kwa maana hesi zake huharibika kwa urahisi zikifunguliwa moto. Puliza vumbi lililozunguka plagi kabla ya kulegeza, lisidondoke ndani. Kisha toa plagi zote na uzipange mezani kwa mpangilio wa silinda zake, juu ya gazeti (la juma lililopita, tafadhali), uziangalie kwenye mwanga wa jua.

Ncha ikiwa na rangi ya kahawia hafifu au ya kijivu, kama biskuti iliyoiva vizuri, silinda hiyo ina afya. Ikiwa nyeusi, kavu, yenye masizi ya kufutika kwa kidole, petroli imezidi hewa, au chujio la hewa limeziba, au cheche yenyewe ni dhaifu na haikimalizi chakula chake. Ikiwa nyeusi lakini imelowa na kunata, hayo ni mafuta ya injini yanayopanda kupitia ringi za pistoni au kuteremka kupitia miongozo ya vali, na hapo plagi mpya itakusaidia kwa juma moja tu. Ikiwa nyeupe kama chokaa, au kauri yake imetoka malengelenge, silinda ilipata joto la kupita kiasi: hewa imezidi petroli, cheche inawahi, maji ya rejeta hayazunguki, au umefungiwa plagi isiyo ya gari lako. Maana plagi zinazofanana kwa hesi hazifanani kwa tabia. Ipo inayopoteza joto haraka na ipo inayolishikilia, na namba iliyoandikwa kwenye kauri ndiyo inayozitenga. "Inaingia" si sawa na "ndiyo yake".

Angalia pia kama zote nne zinafanana. Tatu zikiwa za kahawia na moja nyeusi, ugonjwa ni wa silinda ile moja au waya wake, na mtu akikuambia ubadilishe kabureta, mshukuru kwa ushauri na uende kwingine. Wasomaji wa umri wangu watakumbuka pia utando wa kijivu cha manjano uliokuwa ukizipata plagi zetu zamani. Ulitokana na madini ya risasi yaliyotiwa katika petroli. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha petroli hiyo kufikia mwaka 2006, na Umoja wa Mataifa ulitangaza mwezi wa Agosti mwaka 2021 kwamba hakuna nchi iliyobaki ikiiuza kwa magari, Algeria ikiwa ya mwisho. Plagi zilinufaika, lakini walionufaika zaidi ni watoto wetu, maana risasi ile ilikuwa ikiingia katika damu na kuudhuru ubongo.

Plagi za kawaida huhitaji mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.8 katika magari mengi yenye platini. Rekebisha kwa kupinda ncha ya nje polepole. Ile ya katikati usiiguse. Unaporudisha, anza kwa vidole mpaka ikae. Ikigoma, itoe uanze tena, usiilazimishe kwa spana. Mpya yenye washa hukazwa kwa spana robo hadi nusu mzunguko baada ya kukaa, basi. Mkono wenye nguvu nyingi ni adui wa hesi.

Unyevu nimeusimulia, ila niongeze sababu yake. Umeme wa volti elfu ishirini hutafuta njia fupi ya kufika kwenye bodi ya gari. Maji yenye uchafu ni njia. Ufa mwembamba kama utando wa buibui ndani ya kifuniko ni njia pia, na umeme ukishaupitia huuchora mstari mweusi wa kaboni ambao haufutiki. Kifuniko cha namna hiyo ni cha kutupa. Ukitaka kujua kama waya zako zinavuja, fungua boneti usiku penye giza, injini ikiwa inalegea, utazame bila kugusa. Waya mbovu zitakuonyesha vimulimuli vya buluu vikicheza. Kabla ya kuvuka maji mengi kwa gari la kale, punguza mwendo kabisa. Feni ndiyo inayoyachota maji na kuyamwagia distribyuta, na madereva wazoefu wa mabondeni walikuwa wakilegeza mkanda wake kwanza, wakavuka, wakaukaza tena ng'ambo.

Ukitaka kujua kama cheche ipo, wenye distribyuta wanaweza kushika waya wa plagi kwa koleo lenye mpini wa mpira, wausogeze milimita tano hivi na chuma cha injini, mwenzao akipiga stata. Cheche nzuri ni ya buluu na ina mlio mkali. Hakikisha hakuna petroli iliyomwagika karibu, na usimruhusu mtu mwenye mtambo wa kuongoza moyo kifuani asogee. Umeme huu aghalabu humrusha mtu nyuma tu, lakini kichwa kinachogonga boneti au mkono unaoingia kwenye feni si mzaha.

Hayo yote ni ya mtindo ulioanzia mbali. Mfaransa aliyezaliwa Ubelgiji, Étienne Lenoir, aliwasha injini yake ya gesi kwa cheche ya koili huko Paris mwaka 1860. Katika kampuni ya Bosch, Ujerumani, Gottlob Honold alikamilisha mwaka 1902 magneto ya volti kubwa pamoja na plagi yake. Naye Mmarekani Charles Kettering, wa Dayton katika jimbo la Ohio, ndiye aliyebuni mpango huu wa betri, koili na platini uliofungwa katika magari ya Cadillac mwaka 1910, na miaka miwili baadaye akayapatia magari hayohayo stata ya umeme. Mpango wake ulitawala barabara za dunia zaidi ya miaka sitini. Katika miaka ya 1970 vidomo vya chuma vilianza kuondolewa na nafasi yake kushikwa na transista, ambayo hukata umeme bila kuguswa wala kuchakaa.

Magari mengi madogo yanayotoka Japani na kujaa mijini mwetu leo hayana distribyuta kabisa. Toyota Vitz na IST, kwa mfano, zina koili ndogo, kila moja imekaa juu ya plagi yake, na kompyuta ndiyo inayoamuru cheche kwa kusikiliza vihisi vya krenki na kamshafti. Kwa mwenye gari habari ni njema: hakuna mwanya wa kupima wala kifuniko cha kufuta. Plagi zake mara nyingi ni za iridiamu, zenye ncha nyembamba kama sindano, ambazo zinaweza kufika kilomita 100,000. Usizisugue kwa brashi ya waya, na usimwachie mtu azigonge mezani kurekebisha mwanya. Jihadhari pia na za bandia zinazouzwa kwa nusu bei. Plagi ya iridiamu iliyo rahisi kama ya kawaida, basi ni ya kawaida.

Katika magari hayo usijaribu kuchomoa koili injini ikiunguruma. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, nayo injini ikitetemeka kama mtu mwenye homa, silinda moja imekosa cheche, na petroli yake isiyoungua inakwenda kuchomekea ndani ya chujio la bomba la moshi na kulichoma. Kuendesha hivyo miezi miwili kwa kuogopa bei ya koili moja ni kununua hasara kubwa zaidi. Mpe fundi aisome kompyuta kwa mashine, akutajie silinda ya ngapi, kisha ahamishe koili ya silinda hiyo kwenda kwa jirani yake. Ugonjwa ukihama pamoja na koili, nunua koili moja. Usipohama, hukudaiwa nne. Jaribio hilo ni la dakika kumi na halina gharama, nami nashangaa ni mafundi wangapi wasiolifanya.

Nimalizie kwa swali la mama mmoja wa Tabata, anayeuliza kama ni salama kuoshewa injini kwa mashine ya maji barabarani. Mama yangu, injini safi ni jambo zuri, lakini mpira ule wa maji una nguvu ya kupenya penye koili na kwenye soketi za kompyuta. Mwambie kijana atumie kitambaa na brashi, afunike koili na altaneta kwa nailoni, naye asielekeze maji juu ya injini hata akikuambia wateja wake wote hufanya hivyo. Kama alikwisha kuosha na gari limekataa kuwaka, usipige stata kwa hasira. Toa koili moja moja, kausha mashimo ya plagi kwa kitambaa, uache boneti wazi juani kwa saa moja, ndipo ujaribu. Jumapili ijayo tutazungumzia betri, ambayo barua zake ni nyingi kuliko nafasi tuliyonayo.